Ami, tumwendee mwakilishi au tukae kimya?

Ami,

Assalaamu alaykum, na shikamoo.

Mimi ni fundi bodi, banda langu liko Machomane hapa Chake Chake. Kazi hii niliikuta kwa marehemu baba, ambaye alianza kwa kuunda mashua, baadae akahamia kwenye magari. Alikuwa akisema mbao ni mbao, raha ya gari ni kwamba haivuji. Lori likiletwa kutoka Japani, Dyna au Canter, mimi nang'oa bodi yake ya mizigo na kujenga ya abiria: nguzo na paa la mbao, mabenchi yanayotazamana, keria juu, ngazi nyuma, na turubai za kushusha mvua ikija. Ndizo hizo unazoziona zinakwenda Wete na Mkoani. Siku hizi nafanya na mapambo. Vijana wanataka taa za rangi, spika kubwa na rimu pana, na mwenye hoteli mmoja alinipa Haisi niikate ubavu iwe wazi, watalii waone njia. Nina vijana wanne bandani, wawili ni watoto wa dada yangu.

Mwezi uliopita mteja wangu alipeleka Dyna niliyomjengea kwenye ukaguzi, ikakataliwa. Akaambiwa kwa mdomo tu: bodi haifai, na hizi zenu zote siku zake zinahesabika. Tangu hapo amegoma kunimalizia pesa yangu, namdai 1,200,000. Na mtaani sasa kuna maneno kwamba sheria mpya inakuja, gari ya abiria itakuwa ile iliyotoka kiwandani na viti vyake, basi.

Mafundi saba tulikaa baada ya Isha tukazungumza mpaka usiku. Mmoja anataka twende redioni tukaseme. Mwengine anasema tuchange, tumpelekee mwakilishi wetu wa Baraza la Wawakilishi bahasha, aiite nauli au aiite apendavyo. Wa tatu anaogopa. Anasema Pemba hii ukionekana unaingia kwa mkubwa wa chama hiki, wateja wa chama kile wanakususa, na yeye ana watoto. Mbunge nilikutana nae kwenye maziko nikamueleza, akanambia atalifikisha Dodoma. Mke wangu anasema mimi ni fundi, si mwanasiasa, nikae na randa yangu.

Ami, mimi nimeishia Kidato cha Pili. Sijawahi kusimama mbele ya mkubwa nikasema jambo. Twende au tusiende? Na tukienda, tumuandalie chakula au itaonekana ni rushwa?

Fundi Bodi, Machomane

*

Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Kabla ya mwakilishi na kabla ya Chukwani, lilipo Baraza lake, iko Dyna imelala chini ya mwembe wa mtu haiingizi hata senti. Tuanze na hiyo, kwa sababu hayo mengine yote yanategemea jibu lake.

"Bodi haifai" si sababu. Haifai nini? Ni ndefu mno? Haikufungwa sawa kwenye chasisi? Mabenchi? Au bodi ni nzima ila karatasi za usajili bado zinasema gari hii ni lori la mizigo? Kila moja ya hizo ni ugomvi mwengine. Ikiwa tatizo ni usajili, unamalizika kwenye dirisha la ofisi. Ikiwa ni yubolti, zile boliti za umbo la U, zilizolegea, unamalizika bandani kwako kwa jioni moja. Na ikiwa ni jicho la mkaguzi mmoja siku hiyo, basi uko kwa mkubwa wake wa kazi. Mwende wewe na mteja wako, kwa adabu, muombe sababu kwa maandishi. Ni haki ya mwenye gari kujua kilichomkatalisha. Msigombane wala msitaje mwakilishi. Mtu akitishwa na jina la mkubwa huwa hatoi karatasi, anatoa maneno.

Nimekueleza hili kwa urefu kwa sababu nimeona watu wakienda kwa viongozi na jambo lisilo na umbo. Wanasema "tunaonewa", kiongozi anasema "nimelichukua", wanarudi nyumbani wamefurahi, na hakuna aliyelichukua chochote maana hapakuwa na cha kuchukuliwa.

Sasa nikuulize kitu, na usinikasirikie. Zile gari saba nane zilizotoka bandani kwako mwaka huu, ungempandisha mama yako kwenye ngapi?

Nilikaa na fundi mkongwe mmoja huku Saateni, Unguja, kabla ya kukujibu, maana mimi kazi yangu ilikuwa makaratasi, nyundo naijua kwa kuisikia. Akanichorea chini kwa kijiti. Chasisi ya lori, anasema, ni chuma kilichopindwa mfano wa herufi C, na nguvu yake kubwa imo kwenye ile midomo ya juu na ya chini. Fundi akiitoboa midomo hiyo ili apitishe boliti, au akaichomelea, ufa unaanza hapo hapo, pole pole, na siku gari imejaa unamalizika. Ndiyo maana watu wa viwandani wanakataza, na fundi mwenye kujua hufunga bodi kwa yubolti zinazoizunguka chasisi, na katikati akalaza kipande cha mbao. Halafu kuna tamaa ya tajiri. Mwenye gari anataka benchi lirefu lichukue watu wawili zaidi, fundi anasogeza bodi nyuma ya ekseli. Uzito ukizidi huko nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na usukani haushiki. Kisha keria: magunia ya karafuu, mikungu ya ndizi, wakati mwengine na watu. Uzito wa juu ndio unaopindua gari konani. Na tajiri akiona gari inalala anaongeza majani ya springi, gari inasimama wima, anadhani imepata nguvu. Breki ni zile zile.

Sikusema wewe unafanya hivyo. Nasema wapo wanaofanya, unawajua, na pengine mmoja wao alikuwa kwenye kile kikao chenu cha baada ya Isha. Mkienda mbele ya mtu wa serikali mkasema bodi zetu zote ni salama, atakutoleeni picha ya ile iliyopinduka, na mazungumzo yatakwisha hapo.

Kwa hiyo kikao cha pili kisiwe cha kupanga maneno ya kumwambia mwakilishi. Kiwe cha kukubaliana vipimo. Bodi isizidi wapi nyuma ya ekseli. Ifungwe vipi. Paa libebe nini na lisibebe nini. Ngazi ya nyuma iwe na mkono wa kushika, maana watoto wa skuli ndio wanaoanguka. Waya za taa na spika zipite kwenye fyuzi, zisifungwe kwa nailoni chini ya benchi lenye sponji. Hilo la mapambo msilidharau, gari huungua kwa waya kuliko kwa petroli. Andikeni. Kituo cha mafunzo ya amali kipo hapo Vitongoji, si mbali na kwenu, muombeni mwalimu mmoja awasaidie kuuchora mchoro unaosomeka. Na mjue ipo Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya viwango. Fundi anayekwenda kusema "tunaomba mtuwekee kiwango, na hiki hapa tunachopendekeza" anasikilizwa kwa sikio jengine kabisa na yule anayekwenda kusema "mtuonee huruma".

Haya, sasa wakubwa.

Mbunge wako alikwambia atalifikisha Dodoma. Simlaumu, maziko si pahala pa kumpa mtu somo la katiba. Lakini usafiri wa barabarani si jambo la Muungano. Polisi wa usalama barabarani ni wa Muungano, hilo kweli, ila gari yako ina namba ya Z, na sheria inayoitawala inatungwa Zanzibar, na Baraza la Wawakilishi. Tunayo Sheria ya Usafiri wa Barabara ya mwaka 2003. Mtu wako ni mwakilishi wa jimbo, yule mnayemchagua siku ile ile mnayomchagua mbunge, na watu wengi, hata wenye digrii, wanawachanganya.

Halafu ujue kitu chengine ambacho mtaani hakisemwi. Watu wanasema "sheria inakuja", lakini mambo kama urefu wa bodi na aina ya viti mara nyingi hayaandikwi ndani ya sheria yenyewe. Yanaandikwa kwenye kanuni, na kanuni anazitunga waziri kwa uwezo aliopewa na sheria. Mswada ukipelekwa Barazani unapita njia ndefu: unachapishwa na kusomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, kamati inaweza kuwaita wadau, unajadiliwa, ndipo unapitishwa na kusubiri saini ya Rais wa Zanzibar. Kuna milango mingi ya kubisha. Kanuni njia yake ni fupi. Inaandikwa wizarani, na ukiiona kwenye Gazeti Rasmi imeshaiva. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwakilishi wako, kabla hujamlilia, ni hili: je, ni mswada au ni kanuni, na rasimu yake iko wapi? Hata asipojua, ana uwezo wa kuuliza pahala ambapo wewe huwezi kufika. Anaweza kuliuliza Barazani waziri akajibu mbele ya watu, na jibu likaingia kwenye kumbukumbu.

Hapa nikupe kisa cha Marekani, maana mafundi wa kubadilisha magari wa huko nao wana shida zao. Wana jumuiya yao tangu mwaka 1963, na ukisoma herufi za mwanzo za jina lake unapata SEMA. Wao wenyewe hawajui wamejipa jina gani kwa Kiswahili. Mwaka 2015 wakala wa mazingira wa serikali yao ulitoa rasimu ya kanuni ya mamia ya kurasa, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya moshi wa malori makubwa. Ndani yake palikuwa na maneno machache yanayogusa gari ya barabarani inayogeuzwa ya mashindano, kwamba mitambo yake ya kupunguza moshi isiguswe hata kama gari haitoingia tena barabarani. Wengi walikuja kuyaona mwanzoni mwa 2016. Wenye magereji madogo wakaandika, wakapiga simu, wakawatafuta wabunge wao, na mwezi wa Aprili mwaka huo maneno yale yakaondolewa. Wakaona haitoshi, wakataka na sheria ya kuwalinda moja kwa moja, na hiyo ilikwenda ikirudi miaka kwa miaka. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba kuna mtu alikaa akasoma mamia ya kurasa za malori. Tafuteni wa kwenu, hata kama ni mtoto wa skuli wa mmoja wenu anayependa kusoma.

Hao hao wana desturi mbili. Hukusanya wenye karakana wakaenda Washington kuonana na watunga sheria, na humwalika mtunga sheria aje karakana aone kazi. Ya kwanza kwenu ni ghali: boti, malazi, siku tatu banda limefungwa. Ya pili haina gharama. Tena wajumbe wa kamati za Baraza huja Pemba, na mwakilishi wako yumo jimboni Baraza lisipokutana.

Kwa hiyo mwalikeni. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Semeni nyinyi ni nani, mko wangapi, mnawaajiri vijana wangapi, gari ngapi mmejenga mwaka huu. Hesabu ziwe za kweli, mzihesabu nyinyi wenyewe, msiseme "maelfu ya wananchi". Kisha lililokupateni, mkiambatisha ile karatasi ya mkaguzi. Kisha mnachokitaka, na yasizidi mambo mawili: rasimu ionyeshwe kwa mafundi kabla haijapita, na kiwango cha bodi kiwekwe badala ya bodi kupigwa marufuku. Ukiandika mambo saba atalikumbuka la nane ambalo hukuliandika. Kidato cha Pili kinatosha kabisa kwa ukurasa mmoja, na huenda ndiyo salama yako, maana hutojaza maneno makubwa.

Wakati nao uangalieni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makadirio ya wizara hujadiliwa Barazani kabla ya hapo, Mei na Juni. Hapo ndipo mwakilishi anasimama mbele ya waziri wa ujenzi na uchukuzi akiwa na dakika zake za kuchangia. Karatasi yenu ikimfikia wiki ile ile ni sawa na kupeleka samaki watu wameshanawa. Impate Machi, au mwanzo wa Aprili.

Yule mwenzenu anayeogopa siasa msimcheke. Mimi ni mtu mzima, nimeyaona ya Pemba, najua duka lilivyoweza kususiwa kwa rangi ya fulana. Lakini dawa yake si kukaa kimya. Dawa yake ni barua moja, maneno yale yale, iende kwa mwakilishi wa jimbo, kwa mwakilishi wa viti maalum wa huko kwenu, kwa kamati ya Baraza inayosimamia uchukuzi, kwa wizara, na kwa diwani, bila kuangalia nani ni wa chama gani. Sheha nae mpeni nakala, asije akasikia mkutano kwa watu. Msikutane kwenye ofisi ya chama wala kwenye maskani. Kutaneni bandani, penye vumbi la mbao. Asivae mtu fulana wala kofia ya chama siku hiyo, na kama mwakilishi atakuja na bendera kwenye gari, nyinyi endeleeni kuzungumza habari za yubolti. Waiteni pia wasiokuwa mafundi: dereva, konda, mama anayepeleka mboga sokoni, mkulima ambaye karafuu zake zinapanda juu ya keria. Wao ndio wanaojua kitakachotokea shamba siku gari hizi zitakapoondolewa na basi la kiwandani likashindwa kuingia njia ya udongo.

Bahasha hapana. Wala msiiite nauli. Siyo kwa khofu ya ZAECA tu, mamlaka ya Zanzibar ya kupambana na rushwa, ingawa hao wapo na kazi yao ni hiyo. Mkimlipa mwakilishi aseme, mwenye mabasi mapya atamlipa zaidi anyamaze, na nyinyi ndio mtakuwa mmeshaonyesha bei. Redioni nendeni, lakini baadae, mkishakuwa na karatasi ya mkaguzi na mchoro wenu mkononi. Mkienda sasa mtasikika mnalalamika, na waziri atajibu kipindi kinachofuata kwa sauti nzuri kuliko yenu.

Mkeo ana hoja moja ambayo sitaki uipuuze. Anaogopa utaacha randa. Nimeona mafundi waliokuwa wazuri wakageuka wenyeviti, kila siku wamo kwenye vikao, banda limeota nyasi. Chagueni mtu mmoja wa kufuatilia, kwa zamu, miezi mitatu mitatu, na siku zake za kutembea wengine wamchangie. Ukifika nyumbani mueleze hivyo, na umshukuru.

Deni lako nusura nilisahau. Karatasi ya mkaguzi ikisema kosa ni la bodi, rekebisha kwa gharama yako kisha udai. Ikisema ni usajili au breki, hilo ni la mwenye gari, na huyo mteja akulipe. Na kuanzia gari ijayo muandikiane kabla ya msumari wa kwanza: urefu, idadi ya abiria, nani anapeleka ukaguzi, na kwamba akitaka benchi liongezwe nyuma ya kipimo utamkatalia. Hilo la mwisho litakugharimu wateja wawili watatu mwaka wa kwanza. Watakwenda kwa fundi mwengine, ndiyo maana nimesema mkubaliane wote saba.

Umeuliza kuhusu chakula. Mgeni kwenu hatoki mkavu, na hakuna mtu mwenye akili atakayeita kahawa na kipande cha haluwa rushwa. Biriani acheni. Mkimaliza kuzungumza, mpakieni kwenye moja ya gari zenu, mumpeleke mpaka Gombani na kurudi, na gari iwe na abiria wake wa kawaida na mizigo yake. Atataka kukaa mbele na dereva. Mwambieni kwa heshima zote akae nyuma, kwenye benchi, karibu na ngazi.